Alama ya Penseli: Sura ya Hati ya Rehani na Mtu Anayeitia Saini

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya mawakili, maofisa wa ardhi, maofisa mikopo na wananchi. Umesahihishwa kidogo kwa ajili ya kuchapwa. Maneno yaliyoelekezwa kwa wasikilizaji yameachwa yalivyosemwa.



Katibu wenu aliponipigia simu alitazamia nizungumzie mashauri makubwa ya ardhi. Nikamwomba aniruhusu nizungumzie karatasi yenyewe: ukubwa wa herufi, nafasi inayoachwa tupu, mahali saini inapokaa, lugha iliyotumika, hata unene wa karatasi ya hati ya rehani. Kusudi langu leo ni moja. Nataka niwaonyeshe kwamba masharti haya ya uandishi na uchapaji ni ulinzi wa mtu anayeweka nyumba yake dhamana, na kwamba sisi tunaoziandaa hati hizi tumezoea kuyatimiza kwa ajili ya msajili na hakimu, tukamsahau yeye.

Nianze na kisa. Nilipokuwa wakili kijana, mzee mmoja seremala aliingia ofisini na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na notisi ya kudaiwa na nakala yake ya hati ya rehani, kurasa kumi na tisa za Kiingereza, herufi zimebanana kama punje za mtama. Nikamwuliza, "Baba, hii uliisoma kabla ya kutia saini?" Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, niliambiwa nitie saini penye msalaba." Nikafunua kurasa moja moja. Katika saba kati ya hizo, pembeni, mlikuwa na alama ndogo ya msalaba iliyochorwa kwa penseli, na juu yake wino wa saini yake umekauka. Ukurasa wa mwisho, ule wenye saini kuu, haukuwa na hata sentensi moja ya mkataba: jina lake, jina la shahidi, muhuri, basi. Ungeweza kuuchomoa na kuuambatisha kwenye mkataba wowote mwingine, na hakuna ambaye angejua.

Nyumba haikuuzwa. Watoto wake walichanga, deni likalipwa. Lakini zile alama za penseli sijazisahau. Mtu aliyeziweka hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumrahisishia mzee kazi. Akaurahisisha mkono wake, ukaruka maneno yote na kutua penye mstari.

1. Sura ya hati ni sehemu ya sheria

Kijana anayeanza kazi katika ofisi ya wakili hudhani sheria imo ndani ya maneno, na karatasi ni chombo cha kuyabeba tu. Hubadili mawazo siku hati yake ya kwanza inaporudishwa dirishani kwenye masjala ya ardhi. Imerudi kwa nini? Haina jina la aliyeiandaa. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamtaka anayeandaa hati ya namna hii aandike juu yake jina na anwani yake, na ofisi ya usajili hairuhusiwi kuipokea bila hayo. Yale maneno madogo yaliyo chini ya ukurasa, "Imeandaliwa na", yana kazi kubwa. Hati ikija kuonekana ina kasoro, yanatuonyesha mlango wa kubisha hodi.

Au imerudi kwa sababu ya stempu. Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, inasema hati inayopaswa kulipiwa ushuru haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe, pamoja na adhabu yake. Mkopeshaji aliyeweka hati isiyo na stempu kwenye sefu ana karatasi isiyoweza kusema mahakamani.

Juu ya hayo yote iko Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Inataka miamala ya ardhi ifanywe kwa maandishi na katika fomu zilizowekwa. Lakini kabla ya kufika kwenye rehani na fomu, sheria hiyo katika kifungu cha 3 inaorodhesha misingi ambayo kila mwenye mamlaka juu ya ardhi anapaswa kuizingatia. Mmojawapo ni kwamba kanuni za ardhi ziwekwe kwa namna inayofikika na inayoweza kueleweka kwa urahisi na raia wote. Naomba mlishike neno hilo, "raia wote".

Yapo pia mambo ambayo wakubwa wetu walitufundisha kazini. Fedha ziandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Kila ukurasa uonyeshe namba yake na jumla ya kurasa, mfano "ukurasa wa 3 kati ya 14". Nafasi iliyobaki tupu ipigwe mstari. Neno likifutwa, wahusika wote waweke vifupisho vya majina yao kando yake. Ukurasa wa saini ubebe angalau aya moja ya mkataba wenyewe. Kila desturi hapa ilizaliwa na udanganyifu uliowahi kutokea mahali fulani. 3,000,000 inageuka kuwa 30,000,000 kwa sifuri moja na mkato uliosogezwa. Maneno "shilingi milioni tatu" hayageuki kirahisi hivyo. Nafasi tupu katikati ya aya ni shimo, na mashimo hufukiwa na mwenye kalamu ya mwisho.

Vijana wa leo mnaandaa hati kwa kompyuta, na najua mtaniambia kompyuta inaweka namba za kurasa yenyewe. Inaziweka, ndiyo. Lakini kompyuta hiyo hiyo inabeba kigezo cha hati ya mteja wa jana, na nimewahi kuona hati ya rehani ya shamba inayozungumzia lifti na maegesho ya magari. Kunakili ni kwepesi kuliko kusoma.

2. Jicho la msajili na jicho la mkopaji

Nchi iliyokwenda mbali sana katika kuagiza sura ya karatasi ni Marekani. Kule daftari la ardhi hutunzwa zaidi na ofisi za wilaya, zile wanazoziita kaunti, na majimbo mengi yametunga masharti ya hati inayokuja kusajiliwa. Illinois inataka karatasi nyeupe ya inchi 8.5 kwa 11, uzito usiopungua ule wanaouita ratili 20, ambao ni takriban gramu 75 kwa mita ya mraba, karibu sawa na karatasi tunayotumia kwenye mashine zetu za fotokopi. Wino wa chapa uwe mweusi. Pambizo lisilopungua nusu inchi pande zote. Ukurasa wa kwanza uachwe nafasi ya inchi 3 kwa 5 kwenye kona ya juu kulia. Hati isiwe imejalidiwa, wala isibandikwe kitu kwa pini. Florida inadai nafasi ya inchi 3 kwa 3 kwenye kona hiyo hiyo, na kwamba chini ya kila saini jina la mtiaji liandikwe kwa chapa au kwa herufi zinazosomeka. Iowa imeweka kiwango cha chini cha herufi kuwa pointi 10.

Pointi ni kipimo cha wachapaji; 72 kati yake hufanya inchi moja, hivyo herufi ya pointi 10 imetengewa kimo cha kama milimita tatu na nusu. Nina karatasi mbili hapa. Hii ya kwanza nimeichapa kwa pointi 12. Hii nyingine ni pointi 7, na naomba mama yangu aliye kwenye kiti cha pili ajaribu kuisoma bila miwani. Ameshindwa, na mimi mwenyewe siwezi. Fungu lililochapwa kwenye karatasi hiyo ya pili ndilo linaloeleza riba itakavyopanda.

Kwa nini Wamarekani wanahangaika na nusu inchi? Kwa sababu hati hupigwa picha na kuhifadhiwa, na karatasi ya asili hurudishwa kwa mwenyewe. Pambizo likiwa jembamba, mashine inakata herufi za mwisho. Wino hafifu haushiki kwenye picha. Nafasi ya kona ni ya muhuri wa msajili, namba ya kumbukumbu na saa ya kupokelewa. Ikikosekana, muhuri utagongwa juu ya maneno. Na saa ya kupokelewa si jambo dogo: wadai wawili wakiishindania nyumba moja, muhuri huo unaweza kuamua nani ametangulia. Katika majimbo kama Iowa hati isiyotimiza viwango inaweza kupokelewa, ila kwa ada ya ziada.

Hayo yote ni kwa ajili ya jicho la msajili. Wala siyadharau, daftari lisilosomeka ni daftari lililokufa. Ila nawaomba mtazame lililofuata huko huko Marekani, maana nalo lilinifanya niandike mhadhara huu. Mgogoro wa mikopo ya nyumba uliofikia kilele mwaka 2008 uliwakuta watu wengi wamekopa kwa masharti wasiyoyaelewa: riba iliyoanza chini kisha ikaruka, faini za kulipa mapema. Mwaka 2010 Bunge lao likaunda idara ya kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, na kuanzia tarehe 3 Oktoba 2015 kwa mikopo mingi ya nyumba zikaanza kutumika fomu mbili mpya. Moja ya kurasa tatu hutolewa mwanzoni. Nyingine ya kurasa tano humfikia mkopaji siku tatu za kazi kabla ya kufunga mkataba. Ukurasa wa kwanza una jedwali lenye kiasi cha mkopo, kiwango cha riba na rejesho la kila mwezi. Mbele ya kila kimoja limechapwa swali: je, kiasi hiki kinaweza kuongezeka baada ya kufunga mkataba? Jibu limeandikwa kwa herufi nzito, NDIYO au HAPANA.

Ndugu zangu, angalieni uzito wa fomu ile. Mwandishi wa sheria hakutosheka kusema "mkopaji aelezwe". Alichora kisanduku, akaandika swali, akaamuru mahali jibu litakapokaa. Mkopaji haanzi kwa kutafuta habari ya kupanda kwa riba katika ukurasa wa kumi na nne. Inamngoja kwenye ukurasa wa kwanza. Sura ya karatasi imefanya kazi ya utetezi kabla wakili hajaitwa.

3. Kiswahili hufika siku ya mnada

Hoja hii ndiyo iliyonileta, nanyi mniwie radhi nikikaa juu yake.

Mkopo ukishindikana, sheria zetu hapa Tanzania zina hatua. Mkopeshaji humpa mweka rehani notisi inayoeleza aina na kiasi cha kasoro na anachopaswa kufanya kuirekebisha, naye mweka rehani anazo siku 60 tangu kuipokea kabla ya kuchukuliwa hatua. Ikifikia mnada, iko Sheria ya Madalali, Sura ya 227. Kifungu chake cha 12 kinasema ardhi isiuzwe kwa mnada mpaka tangazo la hadharani litolewe kwa muda usiopungua siku 14, katika mji mkuu wa wilaya na mahali penyewe pa mauzo. Kisha kinaagiza sura ya tangazo. Lisiwe la chapa au la maandishi peke yake. Litolewe pia kwa njia nyingine inayoeleweka kwa watu wasiosoma. Na liandikwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, likitaja jina la mwenye mali na mahali anapokaa.

Mara ya kwanza nilipokisoma kifungu hicho kwa makini nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Sheria ilimfikiria asiyesoma. Ilimfikiria mwenye Kiswahili peke yake. Lakini ilimfikiria siku nyumba yake inapouzwa. Siku aliyoiweka rehani, miaka mitano au kumi kabla, hati nyingi nilizozishika mikononi mwangu zilikuwa za Kiingereza toka jina hadi muhuri. Kwa hiyo mtu anaingia katika deni kwa lugha ya kigeni, anatolewa nyumbani kwa lugha ya mama yake. Majirani wanasikia kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili fasaha, jambo ambalo mwenyewe hakuwahi kulisoma kwa Kiswahili.

Mtaniuliza, je, si mwaka 2021 sheria ilibadilishwa? Ilibadilishwa, na ni hatua ya kujivunia. Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 iliifanya lugha ya sheria za nchi kuwa Kiswahili, na vivyo hivyo lugha ya mahakama na mabaraza ya kutoa haki. Lakini mkataba kati ya benki na mkopaji si sheria ya Bunge, wala si hukumu. Huo unabaki mikononi mwetu sisi waandishi. Hatuhitaji kusubiri mtu atuamuru.

Wengine hunijibu kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Wazee wangu wa Tanga, neno "rehani" lenyewe lina umri gani katika pwani hii? Lilikuja na Kiarabu, likakaa, likazaa: kuweka rehani, kukomboa rehani. Dhamana ni letu, mdhamini ni letu, riba, deni, dalali, mnada, hati, wakili, shahidi, muhuri. Biashara ya pwani iliendeshwa kwa maneno haya kabla ya hizo fomu kutufikia. Na walio Waislamu kati yenu mnajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Humo anayedaiwa ndiye anayepaswa kuimla, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Asipoweza kuimla yeye, msimamizi wake aimle kwa niaba yake. Rehani inatajwa katika aya inayofuata. Mimi si sheikh, na sitoi fatwa hapa. Natazama mpangilio tu: sauti inayosikika katika hati ya deni ni ya mwenye kubeba deni. Hati zetu za leo huandikwa na wakili wa mkopeshaji, kwa sauti ya mkopeshaji, na mkopaji husikika kwenye mstari wa saini.

Iko pia kumbukumbu chungu ya upande wa pili wa bahari hii. Zamani kule Unguja na Pemba mkopo mara nyingi ulivikwa vazi la mauzo: mwenye shamba la mikarafuu "aliliuza" kwa mkopeshaji akibakiza haki ya kulikomboa. Atakayeisoma karatasi ile ataona ununuzi, wakati ndani yake mna deni. Sura ya hati ikitofautiana na kilichomo, anayeumia ni yule asiyeweza kuisoma sura hiyo.

4. Shahidi na kile anachoshuhudia

Chini ya saini panakuja maneno ya shahidi, na hapa nasema na mawakili wenzangu kwa namna ya pekee. Sheria yetu ya Mathibitisho na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inamtaka kamishna wa viapo aandike jina lake na aseme kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa mbele yake. Wapo wanaoona hayo ni maneno ya kujaza. Kumbukeni yaliyotokea Marekani mwaka 2010, ilipobainika kwamba watumishi wa makampuni ya mikopo walikuwa wakitia saini nyaraka za kunyang'anya nyumba kwa mafungu bila kuzisoma, na wathibitishaji wakigonga mihuri juu ya saini ambazo hawakuziona zikiwekwa. Mwaka 2012 mabenki makubwa matano yalifikia makubaliano na serikali kuu na majimbo 49, ya dola bilioni 25. Hatia ile ilianzia kwenye mstari mmoja mfupi: "mbele yangu".

Majirani zetu wana mambo mawili ya kutufundisha. Uganda wanayo sheria mahususi ya kuwalinda wasiojua kusoma. Anayemwandikia hati mtu asiyesoma analazimika kuandika juu ya hati hiyo jina na anwani yake mwenyewe, na kufanya hivyo kunahesabiwa kuwa uthibitisho kwamba alimsomea na kumweleza. Mwandishi hajifichi nyuma ya dole gumba la mtu mwingine.

Kenya, kifungu cha 56 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinataka hati ya kuweka ardhi dhamana ibebe ungamo la pekee la mweka dhamana, kwamba ameelewa nini kitampata akishindwa kulipa, na ungamo hilo alitie saini yake. Ni saini ya pili, ya jambo moja. Naupenda utaratibu huo, ila una hatari. Ungamo likichapwa katika lugha asiyoijua, litakuwa ushahidi dhidi yake: benki itasema, tazama, alikiri ameelewa. Mzee wangu seremala angelitia saini hilo nalo, maana lingekuwa na alama yake ya penseli.

Kwa hiyo, wenzangu, kabla ya kugonga muhuri, fanyeni jambo dogo ambalo nimelifanya kwa miaka yangu yote tangu siku ile. Funikeni karatasi. Mwambieni mteja, "Mama, nieleze kwa maneno yako, ukishindwa kulipa itakuwaje?" Msikilizeni mpaka mwisho. Akisema "watanipa muda", hajaelewa, msomeeni tena. Wakati mwingine huchukua saa nzima, na nimewahi kumrudisha mteja nyumbani bila saini. Ofisa mikopo aliyekuwa akingoja nje hakufurahi.

5. Ukurasa wa mwenzi

Hili nitalipita haraka kwa kuwa wengi mnalijua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi zote zinailinda nyumba ya ndoa isiwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi. Tangu marekebisho ya mwaka 2008, mkopaji anawajibika kusema kama ana mwenzi, na mkopeshaji anawajibika kuchukua hatua za kuridhisha kuhakikisha. Tatizo ni mahali karatasi hiyo inapokaa. Mara nyingi ni kiambatisho cha mwisho, kimepinda, tarehe haijajazwa, kimeletwa nyumbani na mume jioni na kurudishwa asubuhi. Ningependa ridhaa ya mwenzi ikae ndani ya mwili wa hati, kwenye ukurasa ule ule wenye saini ya mweka rehani, na mwenzi aitie saini mbele ya shahidi yule yule. Mwanamke atakayeuona ukurasa huo atakuwa ameiona na hati.

Tuelekee wapi

Nairobi mwezi wa Aprili 2021 walizindua Ardhisasa, mfumo wa kushughulikia mambo ya ardhi kwa mtandao. Masjala zetu nazo zinaingia kwenye kompyuta. Nayafurahia mabadiliko haya, maana nimeshuhudia majalada yaliyoliwa na mchwa. Karatasi itakapoondoka, pambizo na wino vitaondoka nayo, na kitabaki kioo cha simu. Kioo hicho kina alama yake ya penseli: kitufe cha kijani kilichoandikwa "Nakubali", kikimwita mtu ashuke chini upesi. Anayepanga kioo hicho leo anafanya kazi ile ile aliyoifanya mchapaji wa jana, na natumaini vijana wa kompyuta mliomo humu mtajiona kuwa waandishi wa hati.

Pamoja na mawakili vijana wanne wa hapa mjini, nimeandaa ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kutangulia hati ya rehani. Tumeuchapa kwa pointi 12, karatasi ya A4. Una maswali manane: ninakopa kiasi gani, nitarejesha kiasi gani kila mwezi, je, kiasi hicho kinaweza kuongezeka, nimeweka nini dhamana, mwenzi wangu ameridhia, nikichelewa nitapewa notisi ya siku ngapi, nikishindwa nini kitauzwa, na ninaweza kwenda kwa nani kulalamika. Majibu yanajazwa kwa mkono wa mkopaji mwenyewe, au kwa mkono wa anayemwamini, yeye akiimla. Haujakamilika. Swali la tatu bado linatusumbua, kwa kuwa kila tukiliandika linakuwa refu.

Nakala ziko juu ya meza pale mlangoni. Pambizo la kulia tumeliacha pana, sentimita tano. Chukueni moja moja, mkamsomee mtu wa nyumbani ambaye hakusoma sheria, na kila mahali atakapowakatisha kuuliza, wekeni alama pembeni na muandike swali lake kama alivyolisema. Nitakuwepo tena hapa Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi kuzipokea. Kando ya karatasi kuna boksi la penseli.